Meno bandia: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Kisumu

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara ya meno: daktari akishakupima, vipimo huletwa kwangu, na meno utakayovaa hutoka mezani pangu. Wagonjwa wengi hawanijui kabisa mpaka siku seti ikikataa kukaa. Hapo ndipo hutafuta mlango wangu. Maswali haya nimeyaokota hapo mlangoni kwa miaka, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Nimeng'olewa meno juzi. Nianze kupimwa lini?

Pengo likiwa bichi, ufizi umevimba na mfupa ulio chini yake bado unajipanga. Kidonda cha juu hufunga baada ya wiki mbili tatu, lakini mfupa huendelea kusinyaa kwa miezi mingi, na kasi kubwa huwa katika miezi 6 ya kwanza. Ndiyo maana daktari hukungojesha, mara nyingi kati ya wiki 6 na miezi 3. Ukipimwa mapema mno, seti itakukaa vizuri kwa muda mfupi, kisha itaanza kucheza kama kiatu ulichorithi kwa kaka mkubwa.

Kuna njia ya wale wasioweza kukaa na pengo mbele: mwalimu, mhubiri, bibi harusi. Tunapima kabla ya kung'oa, ninatengeneza, na siku ya kung'olewa unatoka umevaa. Sharti lake ni moja. Ukubali tangu mwanzo kwamba baada ya miezi kadhaa meno hayo yatahitaji bitana mpya kwa ndani, au seti nyingine kabisa. Asiyeelezwa hivyo hudhani ametapeliwa, na simlaumu.

Pengo langu ni la gego moja tu, halionekani. Ni lazima?

Si lazima. Jua tu kwamba meno jirani huanza kuinamia pengo, na jino la taya la pili lisilo na mwenzake wa kukutana naye huteremka au hupanda polepole. Ukija miaka kumi baadaye unaweza kukuta nafasi yenyewe imeliwa.

Kuna aina ngapi, na ipi ni nzuri?

Kwanza kuna seti nzima, ya mtu asiye na jino hata moja juu, chini au kote kuwili. Seti kamili huwa na meno 28, kwa sababu magego ya mwisho hatuyaweki. Kisha kuna ya sehemu, ya mtu ambaye bado ana meno yake machache ya kushikilia. Hiyo ya sehemu ndiyo yenye uchaguzi mwingi.

Inayoonekana zaidi huku kwetu ni ya akriliki, ile plastiki ngumu ya rangi ya ufizi. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine, jino lako jingine likitoka inaongezewa la bandia, na ikivunjika inarekebishika. Ubaya wake ni unene. Tena hulalia ufizi badala ya kuegemea meno, kwa hivyo kila unapotafuna inakandamiza. Ya chuma, mchanganyiko wa kobalti na kromu, ni nyembamba, imara, na ina viegemeo vinavyokaa juu ya meno yako mwenyewe ili uzito uende kwenye meno, si kwenye nyama. Kama una meno mazima ya kutosha na mfuko unaruhusu, mimi ningechagua hiyo. Nasema hivyo nikijua kwamba kazi yake ni ngumu kwangu kuliko nyingine zote.

Daraja, linaloziba pengo kwa kushikwa na meno ya kando, halivuliwi: meno mawili ya kando hupunguzwa, kisha kofia tatu zilizounganishwa hugandishwa juu yake. Ni zuri kama hayo ya kando tayari yamezibwazibwa na yanahitaji kofia. Kusaga meno mawili mazima ili kuziba pengo moja ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Vipandikizi, yaani skurubu za titani zinazoingizwa ndani ya mfupa, ndivyo vinavyokaribia jino la kuzaliwa, na bei yake inakujulisha hivyo.

Na yale laini yanayokunjika? Jirani yangu anayasifu.

Yale ni ya nailoni. Hayana waya, vishikizo vyake vina rangi ya ufizi, na ukiyaangusha hayapasuki. Kwa pengo moja au mawili ya mbele yanapendeza sana. Lakini kuyarekebisha ni taabu: kuongeza jino au kubadilisha bitana mara nyingi hakuwezekani, inabidi kuanza upya. Na mtu aliyebakiwa na meno manne yanayolegea asishawishiwe na neno "laini". Kinachokunjika mkononi hukunjika pia ukitafuna.

Nitakuja kliniki mara ngapi? Mimi natoka mbali.

Kwa seti nzima, hesabu mara tano au zaidi. Najua nauli ya kutoka Siaya au Vihiga si mchezo, na kuna watakaokuahidi kumaliza kwa siku moja. Ngoja nikuonyeshe kinachofanyika katika safari hizo, uamue mwenyewe ipi ya kuruka.

Safari ya kwanza unapimwa kwa unga unaokorogwa na maji, ambao asili yake ni mwani wa baharini. Hujazwa kwenye kijiko kikubwa, unakaa nao mdomoni dakika mbili tatu mpaka ugande. Mimi humimina plasta ndani yake, nikapata sura ya taya lako. Juu ya plasta hiyo hutengeneza kijiko chako peke yako, kwa sababu hakuna midomo miwili inayofanana. Safari ya pili unapimwa tena na kijiko hicho, safari hii kwa makini, mpaka kingo ambako shavu na ulimi hutikisika. Ya tatu ni ya kuuma nta, ili tujue taya zako hukutana wapi na uso wako una urefu gani ukifunga mdomo. Ukiwa huna jino, taya halina pa kusimama, kwa hivyo lazima tulitafutie.

Ya nne ndiyo ninayoipenda. Meno yako halisi ya bandia yamepangwa juu ya nta ya waridi, unayavaa, unajitazama kwenye kioo. Hapo bado kila kitu kinabadilika. Kuna mama wa kutoka upande wa Bondo aliyejitazama akanyamaza kimya. Daktari akamuuliza kama yanauma. Hayaumi. Yako juu sana? La. Dada yake aliyemsindikiza ndiye aliyesema: "Daktari, huyu alikuwa na mwanya." Waliniita kutoka nyuma. Nikapasha kisu cha nta kwenye taa ya spiriti, nikasogeza meno mawili ya mbele, hili kushoto na hili kulia, upana wa unene wa sarafu. Yalirudi mdomoni, akacheka kabla hata ya kuangalia kioo.

Kwa hivyo siku ya nta njoo na mtu anayekujua, asiyeogopa kukuambia ukweli. Leta picha ya zamani kama unayo. Ukishasema sawa, nta huyeyushwa, akriliki huingia mahali pake na kupikwa ndani ya maji moto kwa saa kadhaa. Kuanzia hapo, kusogeza jino ni kukata na kuunga. Na akriliki iliyoharakishwa motoni huacha kemikali isiyoiva inayowasha ufizi, ndiyo sababu mwingine hukwambia "meno yangu yananichoma kama pilipili". Hiyo ahadi ya siku moja hutoka wapi, sasa unajua.

Nataka meno meupe kabisa.

Kibao cha rangi tunachotumia kina rangi 16, kuanzia A1 mpaka D4, na nyeupe kabisa haimo kwa sababu meno ya binadamu hayawi hivyo. Ukiwa huna jino lolote, chagua utakavyo, ni mdomo wako. Ukiwa na meno yaliyobaki, yale mapya lazima yafanane nayo, la sivyo mtu ataliona jino bandia kabla hajaona uso.

Wagonjwa wa kutoka Nakuru, Naivasha na Elementaita wana swali lao. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi itokayo kwenye miamba ya volkeno, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajiunda, meno huota na madoa ya kahawia. Wengine hutaka yang'olewe yote wawekewe meupe. Tafadhali, usifanye hivyo. Jino lenye doa lakini zima lina nguvu ambayo hakuna fundi atakayekurudishia. Daktari anaweza kupunguza madoa au kuyafunika kwa juu. Na kama unahitaji jino moja tu la kuziba pengo, mimi hulipaka madoa hayo hayo, lifanane na nduguze. Nimeshawapaka watu kahawia kwa brashi yenye nywele tatu.

Ya juu yametulia. Kwa nini ya chini yanarukaruka?

Ningelipwa kwa kila aliyeniuliza hili, ningefunga maabara nikavue samaki.

Sahani ya juu inafunika kaakaa zima, na kati yake na nyama kuna utando wa mate. Chukua vioo viwili vilivyolowa maji uviweke pamoja, kisha jaribu kuvitenganisha: hiyo ndiyo nguvu inayoshika ya juu. Ya chini haina kaakaa. Ni nusu duara nyembamba tu, imezungukwa na ulimi upande huu, mashavu na mdomo upande ule, na wote hao hawatulii. Zaidi ya hayo, mfupa wa taya la chini lisilo na meno huisha upesi kuliko wa juu, kama mara nne, miaka ikipita. Aliyeng'olewa meno ya chini miaka 20 iliyopita huja na ukingo bapa kama sahani ya ugali, na hakuna kitu cha kupanda juu yake.

Kwa hivyo ya chini hayashikwi na plastiki. Yanashikwa na wewe. Ulimi hujifunza kutulia nyuma ya meno ya mbele, mashavu hujifunza kuyakumbatia, na elimu hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa mzee hata miezi. Anayeyavaa Jumapili tu hatajifunza kamwe. Ikishindikana kabisa, vipandikizi viwili upande wa mbele wa taya la chini hubadilisha kila kitu: seti hubonyezwa juu yake kama kifungo cha koti. Mtu akiwa na fedha za vipandikizi viwili tu, avipeleke chini.

Wazee wetu walitolewa meno ya chini kimila. Hilo linaathiri?

Ndiyo, kiasi. Kwa Wajaluo zamani yalitolewa meno sita ya mbele ya chini, na jamii nyingine za huku zilitoa machache zaidi. Mzee wa namna hiyo amekaa na pengo tangu ujana, mfupa wa hapo umekonda, na ulimi umezoea kupumzika palepale ninapotaka kuweka meno. Mwambie daktari mapema. Mara nyingine tunapanga meno madogo, tunayasogeza kidogo, ulimi upate nyumba.

Nitaweza kula kila kitu?

Hapana, na atakayekwambia ndiyo anauza. Mwenye seti nzima huuma kwa sehemu ndogo tu ya nguvu aliyokuwa nayo, kama robo au tano yake. Anza na uji, matoke, parachichi, mayai, ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Tafuna pande zote mbili kwa pamoja, tonge hapa na tonge hapa, ili seti isiinuke upande mmoja. Sukuma wiki ikatwe nyembamba sana. Nyama ichemke kwanza. Mahindi ya kuchoma yapukuchue, usiyang'ate kwenye gunzi. Miwa, ndugu zangu wa Muhoroni na Mumias, iageni kwa amani.

Samaki namtaja peke yake kwa sababu tuko ziwani. Kaakaa lako ndilo lililokuwa likikuonya juu ya mwiba, na sasa limefunikwa. Mwiba utapita bila kuhisiwa mpaka ufike kooni. Ngege mchambue kwa vidole, tonge kwa tonge, na usiongee huku unakula. Omena haina shida hiyo, ila vichwa vyake hupenda kujificha chini ya sahani.

Ninaongea kama mlevi.

Ni kwa siku chache, labda wiki mbili. Jifungie chumbani uhesabu kwa sauti kutoka sitini mpaka sabini na tisa. Ukiweza kusema "sitini na sita, sabini na saba" bila filimbi, umepona. Wanaoongea Kijaluo hulalamikia zaidi zile sauti za ulimi kugusa meno, "th" na "dh", nazo hurudi.

Mate mengi siku za kwanza ni kawaida pia, mdomo hudhani umepewa chakula. Kichefuchefu kisipokwisha, sahani imezidi urefu nyuma na inapunguzika.

Yamenitoa kidonda. Niyasugue kidogo na msasa?

Weka msasa chini. Kidonda kinaonyesha mahali pamoja padogo sana, na ukisugua kwa kukisia utaharibu kingo zinazoshika mate. Suuza kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, toa seti upumzike, lakini siku ya kuja kliniki yavae tangu asubuhi ili wekundu uonekane. Watu huja na ufizi uliopona vizuri wakitaka nijue palipouma wiki iliyopita.

Kidonda, uvimbe au doa jeupe lisilotoka hata baada ya wiki mbili bila kuvaa seti, lisiitwe la meno bandia. Mwone daktari alichunguze.

Yanasafishwa vipi?

Kwa brashi, maji baridi na sabuni ya maji ya vyombo au ya mche. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza akriliki, na mikwaruzo ndiyo viti vya wadudu. Maji ya moto huyapinda, na yakishapinda hayarudi. Simama juu ya beseni lenye maji au taulo. Seti nyingi ninazorekebisha ziliuawa na sinki. Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, usiitumie kwenye ya chuma. Sugua pia ufizi, kaakaa na ulimi kwa brashi laini, na meno yako yaliyobaki kuliko zamani, hasa yale yanayoshikwa na waya.

Na unapoyavaa, yasukume kwa vidole. Ukiyauma yajipange yenyewe, unapinda vishikizo kila asubuhi.

Nilale nayo?

Yatoe, yaweke kwenye kikombe cha maji safi chenye kifuniko, mbali na watoto na panya. Ufizi uliofunikwa usiku na mchana hupata fangasi, unawiva mwekundu bila maumivu, mpaka daktari auone. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba wazee waliolala na meno bandia walipata nimonia karibu mara mbili ya wasiolala nayo. Najua wako wasiotaka mume au mke awaone bila meno. Zungumzeni.

Marehemu mama aliacha seti nzuri. Naweza kuitumia?

Hapana. Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko unavyodhani, na kwa heshima. Ilipimwa kwa mfupa wake. Lakini ilete siku ya nta, nami naweza kuiga mpangilio wake ukitaka kufanana naye.

Kuna kijana mtaani hubandika jino kwa bei poa.

Nimewahi kuona kazi ya namna hiyo: jino limegandishwa kwenye majirani kwa plastiki iliyoivia mdomoni, halitoki, halisafishiki. Chini yake palinuka, na meno mawili mazima yaling'olewa pamoja nalo. Uliza kama anayekutibu amesajiliwa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama.

Ni pesa ngapi, na SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa?

Bei hufuata idadi ya meno, malighafi na safari za kliniki. Unapopewa bei, uliza maswali matatu: imejumlisha kung'oa? Imejumlisha marekebisho baada ya kuvaa? Na kama yatakuwa yanacheza baada ya mwaka, bitana ni bei gani? SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo usitegemee alichopata jirani enzi za kadi ya zamani. Pata jibu la kituo chako kwa maandishi kabla ya vipimo. Hospitali kubwa za umma, kama ile ya Jaramogi ambayo sote tunaiita Russia, huwa na foleni, lakini uliza huko kwanza.

Yanadumu miaka mingapi?

Kati ya 5 na 10, yakitunzwa. Meno hulika, na mfupa unaendelea kupungua chini yake. Kagua kila mwaka hata kama hayaumi. Dalili ya kuzeeka kwa seti ni kidevu kusogea karibu na pua na pembe za mdomo kupasuka.

Yamevunjika katikati. Nimeyaunga na supaglu.

Ungeniletea vipande nikaviunganisha kwa saa chache. Sasa lazima nikwangue gundi kwanza, na vikishaungwa vibaya havikutani tena. Vifunge kwenye karatasi, vyote, hata kile kidogo kilichoruka chini ya kabati.

Nilitapika, yakaangukia choo cha shimo. Yanaweza kuokolewa?

Yaache huko, na usimtume mtoto. Njoo tupime upya. Kama una seti ya zamani, hata yenye ufa, ibebe: itanionyesha ulichokizoea, na pengine itakusaidia kula mpaka mpya iive.